Jinsi ya kufuatilia msafara mmoja wa meli za Japani vitani na kuelewa kilichozishinda manowari za kusindikiza

Hii ni kwa wale wanaopenda historia ya vita vya pili vya dunia alafu wamechoka na ile sentensi moja inayorudiwa kila mahali, kwamba Japani ilishindwa kulinda meli zake za mizigo, nyambizi za Marekani zikazimaliza, basi. Mi nilikaa na sentensi hiyo miaka kadhaa nikidhani naelewa, mpaka nilipochukua msafara mmoja tu nikaufuata siku kwa siku, saa kwa saa, ndo nikaona kuwa wale mabaharia wa kusindikiza wengi walikuwa wanaijua kazi yao, ila walipewa chombo chenye mwendo mdogo kuliko adui, mabomu yaliyokuwa yanapasuka juu ya nyambizi badala ya pembeni yake, na makao makuu ambayo yalianzishwa vita ikiwa imeshafika karibu mwaka wa pili. Hayo matatu ukiyaona kwenye msafara mmoja huyasahau tena.

Unahitaji daftari, karatasi ya hesabu yenye visanduku, kalamu za rangi mbili, ramani ya bahari kuanzia Japani mpaka Singapore inayoonyesha Taiwan na Ufilipino vizuri, na simu kwa ajili ya stopwochi. Hakuna kingine.

Chagua msafara, usichague vita nzima

Anza na misafara iliyoitwa HI. Hii ilianza Julai 1943, ilikuwa inakwenda na kurudi kati ya Moji kule Japani na Singapore, na kazi yake kubwa ilikuwa kuleta mafuta, maana Japani iliingia vitani kwa sababu ya mafuta na bila mafuta ya kusini manowari zake zingelala bandarini. Uzuri wa HI ni namba zake: namba witiri zinashuka kusini, namba shufwa zinapanda kurudi Japani. Hapo tu umeshajua jambo kubwa kabla hujasoma mstari wa pili, kwamba msafara wa namba shufwa matangi yake yamejaa, na wa witiri matangi ni matupu lakini meli nyingine zimebeba askari na silaha.

Nashauri uchukue HI-71, Agosti 1944. Ni witiri, kwa hiyo unashuka, na ukikuta watu wamekufa kwa maelfu usishangae, ni askari waliokuwa wanapelekwa Ufilipino kuwangoja Wamarekani.

Zitambue meli za kusindikiza kwa majina yake

Meli yenyewe iliitwa kaibokan. Tafsiri yake ya moja kwa moja ni meli ya ulinzi wa pwani, na zile za kwanza, nne za aina ya Shimushu zilizomalizwa 1940 na 1941, zilijengwa kulinda uvuvi kwenye visiwa vya baridi vya kaskazini. Tani 860, mizinga mitatu ya sentimita 12, injini za dizeli, mwendo kama maili 19 na kitu za baharini kwa saa. Nzuri kwa kukaa baharini muda mrefu, lakini aliyezichora hakuwa anawaza nyambizi kama adui wake wa kwanza.

Sasa shika kanuni hii: kaibokan ikiwa na jina, ni jina la kisiwa (Etorofu, Mikura, Sado, Hirado, Ukuru) na ni ya aina kubwa. Ikiwa na namba tu, ni ya zile ndogo zilizojengwa harakaharaka kuanzia 1943 vita ilipowabana. Witiri ni aina C, inatumia dizeli, tani 745, mwendo maili 16 na nusu kwa saa. Shufwa ni aina D, inatumia tabaini ya mvuke, tani 740, mwendo 17 na nusu. Walikosa dizeli za kutosha ndo wakachukua tabaini za meli za biashara wakazifunga humo, na matokeo yake aina D inakula mafuta zaidi na haifiki mbali kama C. Zote mbili zilibeba mabomu ya kuzamisha 120 (yale yanayotupwa majini yapasuke chini karibu na nyambizi), ambayo ni mengi kwa meli ndogo vile.

Usichanganyikiwe ukikuta meli moja ina majina matatu. Kaibokan namba 22, CD-22 na Dai 22 Go ni kitu kimoja.

Ukishaandika majina andika pembeni mwendo wa kila moja, alafu chini kabisa, kwa rangi nyingine, andika mwendo wa nyambizi ya Marekani ikiwa juu ya maji: karibu maili 20 kwa saa. Itazame hiyo hesabu vizuri. Mlinzi ana 16 na nusu, mwizi ana 20. Usiku nyambizi ilikuwa inapanda juu, inawasha rada, inauzunguka msafara mzima kwa mbali mpaka inakaa mbele yake, inasubiri. Kaibokan hata ikiiona haiwezi kuifukuza mpaka kuikamata, itakachoweza ni kuilazimisha izame tu. Watu wengi wanahesabu idadi ya meli za kusindikiza wanasema mbona zilikuwa nyingi, hawaangalii mwendo.

Weka tarehe ya msafara wako kwenye mstari wa miaka

Chora mstari kuanzia Desemba 1941 mpaka Agosti 1945 na uweke alama hizi. Aprili 1942 vikosi viwili vya kwanza vya kusindikiza vinaundwa, vingi ni distroya kuukuu (manowari ndogo za mwendo mkali) na boti za doria. 15 Novemba 1943 ndo yanaanzishwa makao makuu ya usindikizaji chini ya admeri Koshiro Oikawa. Ni karibu miaka miwili kamili tangu Pearl Harbor. Mwezi uliofuata ndege za kikosi cha 901 zinaanza kazi ya kulinda misafara.

Kwa nini walichelewa? Jeshi la maji la Japani lilikuwa na akili ya Tsushima ya 1905, pale walipowashinda Warusi baharini, kwamba vita inaamuliwa na pambano moja kubwa la manowari, na kusindikiza meli za mchele na mafuta haikuwa kazi ya kupandishwa cheo. Alafu kuna lingine: mwaka wa kwanza na nusu topido za Marekani zilikuwa mbovu, zinapita chini ya meli, zinapasuka kabla, nyingine zinagonga ubavu hazipasuki, na ubovu huo ulimalizwa kurekebishwa karibu na mwisho wa 1943. Kwa hiyo hasara ya mwanzo ilikuwa ndogo kuliko ilivyostahili na Tokyo wakadhani mambo yako sawa. Mi naona hiyo ndo iliwaponza kuliko kitu kingine chochote.

Na meli zenyewe za mizigo zilikuwa na wakubwa watatu, jeshi la nchi kavu lina zake, jeshi la maji lina zake, za kiraia ziko peke yake. Unaweza kukuta meli ya jeshi imeshusha askari kusini inarudi tupu, na meli ya kiraia inashuka tupu njia hiyohiyo kufuata mzigo uleule. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa kilienda mrama kweli.

Ongeza alama moja zaidi kwenye mstari, kwamba Wamarekani walikuwa wanasoma maandishi ya siri ya misafara. Msafara ukituma taarifa ya mahali utakapokuwa saa sita mchana, taarifa hiyo inasomwa Hawaii na nyambizi zinaambiwa zikangoje wapi. Ukifuatilia HI-71 usishangae nyambizi kadhaa zipo tayari njiani.

Fanya zoezi la bomu la kuzamisha kwenye karatasi

Usiruke hapa. Chukua karatasi ya visanduku, kila kisanduku mita 10. Chora mstari wa juu ndo uso wa maji, kisha weka nyambizi mita 90 chini, yaani karibu pima 50 kwa hesabu ya mabaharia wetu. Nyambizi ya Marekani aina ya Gato ina urefu wa mita 95, kwa hiyo inachukua visanduku tisa na nusu.

Sasa meli inakuja juu yake. Sona inatuma sauti, sauti inarudi, unajua upande na umbali. Lakini meli ikishakaribia sana mlio unapita juu ya nyambizi na unaipoteza, na wale kaibokan walitupa mabomu yao nyuma na ubavuni, maana yake lazima kwanza upite juu ya kitu usichokisikia tena. Sema umeipoteza ikiwa mita 180 mbele na wewe unakwenda mita 7 hivi kwa sekunde, hizo ni sekunde 25. Unaachia bomu. Bomu linashuka kama mita 2 kwa sekunde, kufika mita 60 ni sekunde 30 nyingine. Jumla sekunde 55. Washa stopwochi ukae kimya sekunde 55 uone zilivyo ndefu.

Nyambizi ikitambaa kwa maili 4 tu kwa saa inatembea mita 2 kwa sekunde. Kwa sekunde 55 imesogea mita 110, zaidi ya urefu wake mzima. Isogeze kwenye karatasi. Sasa weka alama bomu lilipopasukia: mita 60, juu yake kwa mita 30, na nyuma yake. Watu ndani wanatikisika, taa zinapasuka, wanasali, lakini chuma kinashika.

Na hiyo mita 60 sikuichagua mimi. Mabomu ya Type 95 waliyoanza nayo vita yaliweza kupangwa yapasuke mita 30 au 60, wakati Gato ilijengwa kushuka mita 90 na zile za Balao zilizofuata mita 120. Baadaye likaja Type 2 ambalo lilifika mpaka mita 145. Kuna kisa maarufu cha mbunge wa Marekani Andrew May, Juni 1943 aliwaambia waandishi wa habari kwamba nyambizi zao zinapona kwa sababu Wajapani wanapanga mabomu yapasuke juu mno, na admeri Lockwood wa nyambizi alikasirika, akadai baadaye kuwa maneno hayo yaligharimu nyambizi 10 na watu 800. May alikosea sana kusema vile, hilo sina ubishi, ila idadi hiyo mi naipokea kwa tahadhari kwa sababu Type 2 Wajapani walikuwa wameshaibuni kabla ya yeye kufungua mdomo.

Nimejuaje? Kwenye namba. Type 95 inatokana na mwaka wa Kijapani 2595 ambao ni 1935, Type 93 ni 1933, Type 2 ni 2602 ambao ni 1942, Type 3 ni 1943. Kwa hiyo ukikuta meli yako ina sona ya Type 93 ujue anasikiliza kwa mtambo wa 1933, ikiwa na Type 3 ana mtambo mpya uliotokana na ufundi wa Wajerumani. Angalia tu usitumie kanuni hii kwenye rada, Type 13 na Type 22 si miaka.

Ukimaliza zoezi lirudie kwa silaha ambayo Wajapani hawakuwa nayo, ile Hedgehog iliyorusha vibomu 24 mbele ya meli wakati sona bado inasikia. Zile sekunde 25 za upofu zinafutika. Mei 1944 distroya ndogo moja ya Marekani, USS England, ilizamisha nyambizi 6 za Japani ndani ya siku 12 kwa silaha hiyo. Kaibokan ilikuwa na mzinga mdogo wa sentimita 8 wa kurusha mbele, na haukufua dafu.

Fuata usiku wenyewe

HI-71 iliondoka Mako, bandari kwenye visiwa vilivyo magharibi ya Taiwan, tarehe 17 Agosti 1944. Ndani kuna meli ya kubebea ndege iliyoitwa Taiyo, zamani ilikuwa meli ya abiria Kasuga Maru, kuna distroya, na kundi la kaibokan. Kwa macho ni ulinzi mzito. Alfajiri ya tarehe 18 nyambizi Redfish ikaipiga Eiyo Maru, ikabidi irudi. Usiku mvua na giza, ndege haziruki, na nyambizi Rasher ikaja juu ya maji kutokea nyuma ya pazia la mvua, ikaipiga Taiyo kwenye mafuta ya ndege. Usiku huohuo ikaziua pia Teia Maru na Teiyo Maru. Nyambizi Bluefish ikamaliza meli ya mafuta Hayasui, na nyambizi Spadefish ikaizamisha Tamatsu Maru ikiwa imejaa askari, zaidi ya watu 4,000 wakafa kwenye meli hiyo moja.

Hapa angalia saa. Daftari la Rasher linaweka shambulio la Taiyo saa 21:22, upande wa Kijapani ni 22:22. Hakuna aliyedanganya, jeshi la maji la Japani lilitumia saa ya Tokyo popote lilipokuwa. Mi huandika zote mbili na kisha naweka kwa saa zetu, saa tatu na dakika 22 na saa nne na dakika 22 usiku, maana ukiandika kwa Kiswahili hesabu ya usiku unaiona vizuri zaidi, giza lilikuwa limeingia muda gani na alfajiri iko mbali kiasi gani. Kosa lingine la kuepuka ni tani: tani za meli ya biashara ni ukubwa wa nafasi ndani, za manowari ni uzito, usizijumlishe pamoja.

Simama kwenye kila kuzama na ujiulize kamanda wa kusindikiza afanye nini. Aokoe walio majini au aiwinde nyambizi iliyo chini yao? Kwetu jambo hili si la mbali. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, tarehe 12 karibu na Maldives ikapigwa na nyambizi ya Japani I-27 na ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Waliokuwa wanasindikiza ni Waingereza, na distroya yao Petard ililazimika kuachia mabomu mahali palepale watu walipokuwa wanaogelea, kwa sababu I-27 ilikuwa imejificha chini yao na mbele kulikuwa na meli nyingine zimejaa watu. Petard na distroya mwenzake Paladin waliipata, ikazamishwa. Kila nikiisoma nashindwa kumlaumu yule nahodha na nashindwa kuisahau.

Usiishie msafara ulipofika

Mabaki ya HI-71 yalifika Manila, lakini usifunge daftari. Kaibokan tatu, Sado, Matsuwa na Hiburi, zilikuwa zimeachwa nyuma kuwinda. Tarehe 22 Agosti nje ya ghuba ya Manila zote tatu zikazamishwa na nyambizi mbili, Harder ya nahodha Samuel Dealey, na Haddo ya Chester Nimitz mdogo, mtoto wa admeri. Wawindaji waliwindwa. Kesho yake Haddo ikaipiga distroya Asakaze, ikakokotwa mpaka ghuba ya Dasol ikazama hukohuko.

Alafu asubuhi ya tarehe 24 nje ya Dasol wakatoka CD-22, ile ya namba shufwa, tani 740, tabaini moja ya meli ya biashara, pamoja na boti ya doria namba 102 ambayo kwa kweli ilikuwa distroya ya Marekani USS Stewart iliyotekwa Surabaya ikaelea tena. Nyambizi Hake ilikuwa jirani ikasikia kila kitu. Iliona periskopu ya Harder saa 12 na dakika 47 asubuhi, na saa moja na dakika 28 ikasikia mabomu 15 mfululizo. Wajapani wakaona mafuta, vipande vya mbao na koki vikielea. Dealey na watu wake 78 hawakurudi. Nyambizi iliyokuwa inaogopwa na distroya zote za Japani iliuliwa na meli ndogo isiyo na hata jina, kwa mwendo mdogo uleule na upofu uleule wa sekunde 25, kwa sababu safari hii ilikuwa mchana, nyambizi iko chini tayari, hakuna msafara wa kulinda na mwindaji ana nafasi ya kurudia mara ya pili, ya tatu, ya tano. Rudi kwenye karatasi yako ufanye zoezi mara tano badala ya moja, uone visanduku vinavyobaki bila alama vinavyopungua.

Mei 2024 jeshi la maji la Marekani lilithibitisha kuwa Harder imepatikana, zaidi ya mita 900 chini karibu na Luzon, imekaa wima, mwili mzima isipokuwa jeraha nyuma ya mnara wake. Linganisha jeraha hilo na mchoro wako: bomu halikupasuka mbali juu.

Ukishamaliza huu chukua HI-81 wa Novemba 1944. Nao ni witiri. Andika Akitsu Maru tarehe 15, Mayasan Maru na meli ya ndege Shinyo tarehe 17, na kwa kila moja andika kwanza kama ilikuwa mchana au usiku, kabla hujaandika nyambizi iliyoipiga.